Karabini ya Kale Unguja: Bei ya Chuma na Bei ya Karatasi

Karabini, ile bunduki fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya askari wapanda farasi, ina bei mbili. Ya kwanza ni ya chuma na mti: kasiba, mtambo, tako, pete za shaba. Ya pili ni ya karatasi: risiti, kibali cha polisi, ushahidi wa ilikotoka, ruhusa ya kuivusha mpaka. Ukipita maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, kuanzia Gizenga hadi Hurumzi, bei ya kwanza utatajiwa na kila mtu, na papasi watakushika mkono wakupeleke inakouzwa. Ya pili hutajiwi na yeyote. Wengi huijua wakiwa uwanja wa ndege, mzigo umeshafunguliwa na foleni ya watu nyuma yao inatazama.

Makala hii inalinganisha njia sita alizonazo mkusanyaji wa Unguja, au Mzanzibari aliyeko nje, anayetaka karabini ya karne ya 19 iliyotunzwa vizuri, au kitu cha jamaa yake. Ili hesabu iwe nyepesi nimechukua dola moja kwa shilingi 2,500 na pauni moja kwa shilingi 3,300. Wewe tumia kiwango cha siku unayonunua.

Silaha zipi zilipita hapa

Anayejua historia haibiwi kirahisi, kwa hiyo tuanze nayo kwa ufupi. Mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani uliwafungulia Wamarekani bandari zake zote, lakini ukaweka sharti moja: kisiwani Unguja, bunduki, baruti na risasi ziuziwe serikali tu. Katika bandari zake nyingine biashara hiyo ilikuwa huru. Bunduki za wakati huo zilikuwa za gumegume, na baadaye za fataki; zote zikishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni. Ndizo zilizosafiri na misafara kwenda Tabora na Ujiji, na ndizo tunazoziita gobore hadi leo.

Mwaka 1877 Sayyid Barghash alimkabidhi Mwingereza Lloyd Mathews kazi ya kuunda jeshi jipya, na serikali ya Uingereza ikalipatia bunduki 500 za Snider. Snider ilikuwa bunduki ya kushindilia iliyokatwa nyuma na kuwekewa kifuniko ili risasi iingilie huko. Upande wa bara, vikosi vya Wajerumani chini ya Wissmann vilivyopigana na Abushiri mwaka 1889 vilibeba Mauser ya muundo wa 1871. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta na nyuzi 22 kusini. Gobore za gumegume zikaachiwa. Ndiyo sababu moja kubwa ya gobore kuwa nyingi kwetu na bunduki za jeshi za miaka ile kuwa chache.

Bunduki ya jeshi inayotafutwa zaidi ni Martini-Henry, iliyopitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871. Maskati ilikuwa soko lake kubwa mwishoni mwa karne ya 19, hadi Sultan Faisal bin Turki alipoifungia biashara hiyo ndani ya ghala la serikali mwaka 1912. Majahazi kati ya Maskati na Unguja hayakukatika miaka yote hiyo, kwa hiyo Martini kuonekana Malindi au Kiponda si muujiza.

Karabini ya farasi ni habari nyingine. Jeshi la Mathews lilikuwa la askari wa miguu. Muuzaji akikwambia kipande chake kilibebwa na wapanda farasi wa Sayyid Barghash, muombe akuoneshe maandishi. Kama hana, hadithi hiyo usiilipie hata senti.

Unachokitafuta hasa

Karabini ya Martini-Henry ya wapanda farasi ilianza 1877. Bunduki kamili ya askari wa miguu ina urefu wa kama sentimita 124. Karabini haifiki hata sentimita 96, na uzito wake ni kama kilo tatu na nusu. Kasiba ya bunduki kamili ni sentimita 84, ya karabini ni 54. Kwa kuwa silaha fupi na nyepesi hupiga teke begani, karabini ilitengenezewa risasi nyepesi zaidi: gramu 26 na ushei badala ya 31.

Askari wa farasi hakuhitaji kuchomeka singe, kwa hiyo karabini yake haina pa kuifungia. Mbele ina masikio mawili ya chuma yanayokilinda kilengeo kisigongwe inapoingizwa kwenye mfuko wa tandiko. Chini ya tako kuna wenzo wa chuma: ukiushusha, kitasa hushuka, tundu la risasi hufunguka na mtambo hujikoki. Upande wa kulia kuna kijishale kinachoonesha kama imekokiwa. Bunduki ni ya risasi moja moja, na hadi leo wanaoushika mtambo wake hushangaa jinsi ulivyo mwepesi.

Sasa tulinganishe.

Njia ya kwanza: duka la Mji Mkongwe

Hapa ndipo pa karibu na pa raha. Unashika kitu mkononi, unakunywa kahawa, unapatana. Bei ya kwanza hutajwa kwa dola na huwa haina msingi. Huteremka kadiri unavyokaa. Tatizo ni kwamba nyingi ya "bunduki za kale" za maduka ya watalii duniani ni kazi mpya ya India: gobore za gumegume zilizopigwa misumari ya shaba, mti ukapakwa rangi ya chai na chuma kikatiwa kutu kwa chumvi. Kama pambo la ukutani, hazina ubaya. Kulipishwa bei ya 1870 kwa kitu cha juzi ndiyo dhuluma.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ya babu yangu. Imepigana vita vya Sayyid Khalid."

"Mashaallah. Niruhusu niipeleke mwangaza, niitazame ubavuni."

Ruhusa ikitolewa, toka nayo barazani. Bunduki ya kale hainunuliwi chini ya taa ya duka. Kwanza tazama ubavu wa kulia wa mtambo. Martini ya kweli ya serikali ya Uingereza ina taji, chini yake herufi V.R. za Malkia Victoria, kisha jina la mtengenezaji, kama vile Enfield, BSA au LSA, na mwaka. Karabini ya farasi huwa na alama I.C.1, ile C ndiyo inayoitofautisha na bunduki ndefu. Soma mwaka kwa makini. Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Kipande chenye V.R. na mwaka 1904 au 1907 hakikutoka kiwanda chochote cha Uingereza. Ni kazi ya mafundi wa mpaka wa Afghanistan na Pakistan, walionakili silaha za Waingereza kwa mkono vijijini kwao. Herufi N iliyogeuzwa na jina Enfield lililokosewa tahajia ni saini zao.

Pili, pitisha kidole mdomoni mwa kasiba. Ujanja wa kawaida kuliko wote ni kukata bunduki ndefu ili iuzwe kama karabini, kwa sababu karabini ni adimu na bei yake iko juu. Bunduki iliyokatwa huwa na mdomo mnene kuliko inavyopasa, kilengeo cha mbele kimeungwa upya kwa risasi nyeupe au shaba, na mti wa mbele umefupishwa kwa msumeno, mara nyingi bila ule uangalifu wa kiwandani. Kama hakuna alama ya C ubavuni na urefu umepungua, unachotazama ni bunduki iliyoharibiwa. Thamani yake iko chini ya bunduki ndefu iliyobaki nzima.

Tatu, tazama misumari ya skrubu. Ikiwa midomo yake imechanika, bunduki imefunguliwa na mikono mingi. Nne, tazama mpaka wa chuma na mti. Kwenye kipande cha kweli, mti umekolea mafuta ya mikono kwa zaidi ya miaka mia na umeinuka kidogo juu ya chuma. Kwenye kipande kilichopigwa msasa, mti umelala chini ya chuma na alama zake zimefutika. Msasa hupunguza thamani hata kwenye bunduki ya halali.

Faida ya njia hii: unaona kabla ya kulipa. Hasara: ni mara chache kuna historia iliyoandikwa, na muuzaji asiye na kibali cha kuuza silaha hawezi kukupa risiti itakayokusaidia mbele ya polisi. Ukikuta karabini ya kweli inayoweza kufyatua, dukani, bila karatasi, ondoka. Ikishapita mikononi mwako, tatizo ni lako.

Njia ya pili: urithi wa nyumbani

Zipo familia zilizorithi silaha za mababu. Lakini baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo yalianza kwa kuvamiwa ghala za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni, kuwa na bunduki ndani ya nyumba hakukuwa jambo la kutangaza. Kwa hiyo kipande cha urithi kinapotokea, hutokea kimyakimya, kwa mdomo wa dalali anayemjua ami wa mtu.

Kwa bei ya chuma, hii ndiyo njia ya nafuu kuliko zote, na kwa hadithi ndiyo tajiri kuliko zote. Kwa karatasi ndiyo mbaya kuliko zote. Mwenye mali hana leseni, baba yake hakuwa nayo, na wewe unataka kuongeza mkono wa tatu kwenye mnyororo huo. Rahisi huvunja upishi.

Kama wewe ndiye mrithi, shauri langu ni tofauti. Usiiuze na usiifiche. Nenda Makao Makuu ya Polisi Zanzibar, Ziwani, pamoja na sheha wako au wakili, ueleze ulichokikuta na uulize utaratibu. Miaka ya karibuni serikali imetoa mara kadhaa muda wa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, na muda huo ukiwepo kazi inakuwa nyepesi. Kabla ya hapo ipige picha pande zote, alama zake zote, na uandike kila anachokumbuka mzee wa nyumba: ilipatikana kwa nani, ilikaa chumba gani, nani aliibeba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama familia iko tayari kuitoa, Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale Zanzibar ni mahali pa kuulizwa kabla ya mnunuzi yeyote.

Njia ya tatu: mnada wa Uingereza au Marekani

Hapa bei ya chuma iko juu na bei ya karatasi iko wazi. Karabini ya Martini-Henry yenye hali nzuri na alama zinazosomeka huuzwa katika minada ya Uingereza, kwa makadirio yangu, kati ya pauni 600 na 1,500. Iliyo adimu au yenye alama za kikosi kinachojulikana huvuka hapo. Nakala za kule mpakani mwa Afghanistan hushuka hadi mia kadhaa tu. Nchini Marekani, bei ya bunduki ndefu ilitulizwa na tukio moja: mwaka 2003 kampuni mbili za huko zilinunua ghala la kale la silaha la ufalme wa Nepal, na maelfu ya bunduki za karne ya 19 yakaingia sokoni kwa mkupuo. Karabini hazikumwagika kiasi hicho.

Usidanganywe na bei ya nyundo. Tuseme nyundo imegonga kwenye pauni 1,000. Nyumba ya mnada hukata ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni kama asilimia 25, yaani pauni 250. Juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 20, yaani pauni 50. Umeshafika pauni 1,300, sawa na shilingi 4,290,000, na bunduki haijatoka chumbani. Ukinunua kupitia tovuti ya mtu wa kati, kuna asilimia nyingine. Kisha ndipo usafirishaji, bima, na kibali cha kuitoa nchini kikihitajika, jambo ambalo uiulize nyumba ya mnada kabla ya kuinua mkono.

Kwa Mzanzibari anayeishi London au Leicester hesabu inaishia hapo, na ni njia nzuri. Sheria ya Silaha ya Uingereza ya 1968 inasamehe silaha ya kale inayohifadhiwa kama pambo au kitu cha kumbukumbu, na kanuni za 2021 zimeorodhesha kaliba zilizopitwa na wakati; .577/450 ya Martini-Henry imo. Sharti ni kwamba ibaki pambo: ukitaka kuifyatulia, leseni inahitajika kama silaha nyingine. Kule Marekani sheria ya shirikisho haihesabu kuwa silaha ya moto bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, ingawa kila jimbo lina sheria zake za ziada.

Kwa anayetaka kuileta Unguja, msamaha huo haupandi ndege pamoja naye. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mambo ya polisi ni ya Muungano. Umri wa bunduki unaotambuliwa London si hoja ya kumweleza ofisa wa forodha Malindi. Kibali kitafutwe kabla ya kulipa, kwa maandishi, na kikikataliwa usinunue.

Njia ya nne: Mutrah na Nizwa

Wanaokwenda Oman kutembelea jamaa wanajua soko la Mutrah na lile la Nizwa. Martini huko ingali hai katika desturi: wazee huibeba kwenye razha na harusi, tako limevikwa fedha na kasiba imefungwa pete za fedha. Ukipenda silaha yenye mguso wa Kiarabu kuliko ile ya kiwandani, hakuna mahali pa kuchagua kama hapo. Lakini fedha hiyo ndiyo inayopandisha bei na ndiyo inayofunika makosa. Pete ya fedha iliyopigwa katikati ya kasiba huweza kuficha ufa, na bamba la fedha kwenye tako huweza kuficha mti uliovunjika na kuungwa. Muombe muuzaji akuoneshe chini yake. Asipotaka, punguza bei kwa kiasi cha hofu yako.

Kwa mkusanyaji wa karabini ya asili, pambo la Oman ni mabadiliko, na soko la Uingereza huwa halilipi ziada kwa mabadiliko. Kwa mtu wa Unguja mwenye asili ya huko, pambo hilo ndilo lenyewe analolitafuta. Chagua upande wako kabla ya kupatana. Kumbuka pia kwamba forodha ya Oman iko chini ya Polisi ya Kifalme, kwa hiyo anayekagua mzigo wako na anayesimamia sheria ya silaha ni jumba moja.

Njia ya tano: nakala isiyofyatua

Mwenye hoteli ndogo Shangani anayetaka kitu ukutani juu ya meza ya mapokezi hahitaji karabini ya 1879. Watengenezaji kama Denix wa Hispania hufanya nakala za bunduki za kale kwa chuma cha kumimina na mti, ambazo mitambo yake inacheza lakini haiwezi kupokea risasi. Bei yake ni kama dola 100 hadi 250, yaani shilingi 250,000 hadi 625,000. Haipandi thamani wala haishuki sana, na mgeni anayetaka kupiga nayo picha hatakuharibia kitu.

Hata nakala ina bei ya karatasi, ila ni ndogo. Haiingii ndani ya ndege pamoja na abiria, kwa sababu kwa mkaguzi umbo la silaha ni silaha. Iwekwe kwenye mzigo wa chini, risiti ikiwa juu yake na maelezo ya mtengenezaji yakiwa pamoja, na polisi wa hapa waulizwe kabla haijaagizwa.

Njia ya sita: kitu cha jamaa yake

Wakusanyaji wengi wakihojiwa vizuri hukiri kwamba wanachotaka ni historia ya jeshi na biashara ya bahari yetu, na bunduki ni mlango mmoja tu. Iko milango mingine ambayo karatasi zake ni nyepesi.

Jambia ndilo la kwanza. Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza khanjari ya Oman, pamoja na ufundi na desturi zake, katika orodha ya urithi usioshikika. Jambia la kale lenye ala ya fedha hupatikana Unguja na Maskati, kuanzia dola mia kadhaa hadi maelfu, kutegemea kazi na uzito. Jipatie sumaku ndogo: ikishika ala, hiyo si fedha. Isiposhika, bado inaweza kuwa nikeli, kwa hiyo sonara aipime. Fedha ya kale ya pwani mara nyingi ilitokana na reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780, ambazo zina fedha ya asilimia 83 na ushei. Sonara akikutajia kiwango kama hicho, usione umetapeliwa.

Onyo kubwa ni mpini. Majambia mengi ya thamani yalitiwa pembe ya kifaru. Vifaru wote wamo katika mkataba wa CITES, na kuvusha mpini huo mpaka bila vibali ni kosa la jinai, hata kama jambia ni la mwaka 1850. Pembe za ndovu vivyo hivyo. Nunua lenye mpini wa mti au wa fedha, ulale usingizi.

Yapo pia mambo madogo: pembe za baruti, mifuko ya risasi ya ngozi, mikanda, singe zisizo na bunduki, na picha. Duka la picha la Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, lililoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, lina hazina ya picha za Zanzibar za zamani. Chapa moja nzuri ya picha, iliyowekwa fremu, ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bunduki, na haina ofisi hata moja ya kuomba ruhusa ya kuitundika ukutani.

Kwa vitu vya kale vyenyewe, kumbuka kwamba sheria haziangalii silaha peke yake. Upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na hata milango ya nakshi ya Kiafrika au ya mashariki iliyochongwa kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria zake na idara yake. Kabla ya kutoa kitu chochote cha kale nje ya kisiwa, iulize.

Gharama ambazo hazimo kwenye risiti

Bunduki ikishafika, iliyo halali, inataka matunzo, na hali ya hewa ya Unguja haina huruma kwa chuma. Upepo wa bahari una chumvi, na masika huleta unyevu wiki kwa wiki. Chupa ya mafuta ya cherehani na kitambaa cha pamba vinatosha kwa chuma, mradi ufute kila mwezi na kila baada ya kuishika, kwa sababu jasho la mkono huacha alama ya kutu katika siku chache. Kwa mti, nta kidogo. Usitumie msasa, usitumie dawa ya kung'arishia shaba kwenye kasiba, na usiipake vanishi. Rangi ya kahawia iliyokolea juu ya chuma cha kale ndiyo nusu ya bei yake, na ikifutwa hairudi.

Mti una adui wawili, mchwa na dumuzi. Kagua tako kila mara. Ukiona unga mwembamba chini ya kitundu kidogo, itenge na samani nyingine mara moja. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikisha kwenye chuma. Na ongeza gharama ya kabati lenye kufuli, maana mwenye leseni ndiye anayeulizwa ikipotea.

Uamuzi

Kwa mkaazi wa Unguja asiye na leseni, jambia lenye mpini wa mti na risiti ya sonara ndilo chaguo bora, likifuatiwa na picha. Karabini halisi, hata ikiwa ya bei poa, iachwe mpaka kibali kiwe mkononi.

Kwa mwenye hoteli au mkahawa, nakala isiyofyatua inashinda kwa mbali. Dola 150 badala ya pauni 1,300, na hakuna wa kuja kuuliza leseni yake saa sita usiku.

Kwa Mzanzibari aliyeko Uingereza au Marekani, mnada ndiyo njia: karabini yenye taji, V.R., mwaka wa kabla ya 1901 na alama ya C, ibaki kwenye ukuta wake huko huko. Akija likizo, alete picha zake.

Kwa mwenye jamaa Oman, Martini iliyovikwa fedha inunuliwe kama kazi ya sanaa ya Kiarabu, ikae huko kwa jina la jamaa mwenye kibali.

Kwa mrithi, usiuze. Hadithi iliyoandikwa na kusainiwa na mzee wa nyumba inaweza kuongeza thamani ya kipande kuliko fundi yeyote wa kukisafisha, na haiwezi kutengenezwa upya baada ya mzee kuondoka.

Na kwa yeyote anayesisitiza kuileta karabini halisi kisiwani, hesabu ni hii: kila unapoweka laki kumi kwa ajili ya chuma, tenga laki nne kwa ajili ya karatasi, wakili na safari za ofisini, na uzitumie hizo nne kwanza. Zikiisha na kibali hakijatoka, utakuwa umepoteza laki nne na kuokoa kumi.